Mrejesho: kitalu nyumba changu cha Uyole kilichong'olewa na upepo

Ndugu zangu, mwezi Agosti niliomba ushauri baada ya upepo kung'oa kitalu nyumba changu cha nyanya (banda la nguzo lililofunikwa nailoni) hapa Uyole, Mbeya, chenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 12, ambacho nguzo zake nilikuwa nimezichimbia sentimita 30 tu. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kuchimba mashimo ya sentimita 60, kuweka kokoto chini ili maji yasituame, kisha kumwaga zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga na kokoto) kuzunguka nguzo za milingoti, ambazo sehemu yake ya chini niliipaka oili chafu mara mbili. Kabla ya hapo nilipima msingi kutoka kona hadi kona, nikakuta vipimo viwili, ambavyo vilipaswa kulingana, vinapishana kwa sentimita 14, yaani msingi ulikuwa umekaa upande; kumbe ndiyo sababu nailoni ya awali haikuwahi kukaa sawa. Kingo za nailoni mpya nimezizika kwenye mfereji. Tangu hapo upepo umevuma mara kadhaa, na hakuna nguzo ya ukutani iliyotikisika.

Mlango ndio ulionishinda. Kwa kubana matumizi ya saruji, nguzo zake mbili nilizishindilia udongo tu, na mvua za Desemba zilipoulainisha zikaanza kuinama, hata nikalazimika kuzifunga kwa waya kwenye vigingi. Yule kati yenu aliyenionya nisiziache bila zege alikuwa sahihi, nami nilimbishia bure. Nitazimwagia zege mvua zikipungua.