Mrejesho: picha kukwama ninapoonyesha skrini kwenye mkutano wa video

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini nikionyesha skrini sura yangu inakwamakwama, feni ya laptopu inanguruma, na wenzangu hawasikii sauti ya klipu ninayowachezea.

Aliyeniambia nianze kwa kuzima ukungu wa mandharinyuma, yaani madoido yanayofifisha kilicho nyuma yangu kwenye video, alilenga penyewe. Kompyuta inalazimika kumtenganisha mtu na kilicho nyuma yake katika kila fremu (picha moja moja inayounda video), mara nyingi fremu 30 kwa sekunde, na papo hapo iibane picha ya skrini kabla ya kuituma. Prosesa ya zamani inazidiwa. Nilizima ukungu huku natazama matumizi ya prosesa: yakashuka pale pale, feni ikatulia. Sasa nakaa mbele ya ukuta mtupu, mwanga wa dirisha ukinipiga usoni, na naonekana vizuri kuliko nilivyoonekana kwa madoido yoyote.

Sauti nayo imetengemaa. Kwenye Zoom, unapotaka kuonyesha skrini kuna visanduku viwili pale chini: kimoja cha kutuma sauti ya kompyuta, kingine cha kuboresha klipu ya video. Natia tiki vyote klipu inapochezwa, kisha naondoa cha pili nikirudi kwenye maandishi, maana kikiachwa herufi hufifia.

Halafu naonyesha dirisha moja tu, si skrini nzima, kwa hiyo meseji zangu zikiingia hakuna anayeziona. Hili limenipa amani kweli.

Asanteni sana mliotoa muda wenu kunielekeza.