Rilei janja katika nyumba yenye nyaya za zamani: swichi haina nyutro, nifanyeje?

Mwuliza swali

Habari zenu, mafundi na wataalamu. Nyumba ninayoishi ilitandazwa nyaya miongo mingi iliyopita, nami ningependa kufunga rilei janja za taa, yaani vidude vidogo vinavyowasha na kuzima taa kwa amri ya mtandao, kwa namna ambayo swichi za ukutani zitabaki kama zilivyo, huku taa zikiweza pia kuwashwa kwa simu au kwa ratiba. Nilizima umeme kwenye meinswichi, nikafungua kisanduku cha swichi ya sebuleni, nikakuta nyaya mbili tu, mmoja mwekundu na mwingine mweusi, wala hapana waya wa ardhi. Rilei ninayoikusudia inahitaji laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha). Je, huo mweusi ndio nyutro? Ikiwa sio, ipo soketi chini kidogo ya swichi hiyo; je, naweza kuvuta nyutro kutoka hapo? Nauliza pia kwa sababu kisanduku chenyewe hakina kina cha kutosha, na sioni rilei ikienea nyuma ya swichi bila kuzibana nyaya. Tena taa ya ngazi ina swichi mbili, ya chini na ya juu, na sijui kama rilei moja itaweza kuzihudumia zote mbili.

Jibu la kwanza

Ndugu, nianze na la soketi, kwa kuwa ndilo linaloweza kumdhuru mtu: usivute nyutro kutoka huko. Soketi na taa kwa kawaida ni sakiti mbili tofauti, yaani njia mbili za umeme, kila moja ikiwa na fyuzi au breka yake. Ukichukua laivu ya taa na nyutro ya soketi, siku moja fundi atazima breka ya soketi, afungue nyutro yake akiamini kwamba sakiti imekufa, na ncha ile iliyoachwa wazi itakuwa na umeme unaopita ndani ya rilei yako kutoka upande wa taa. Shida ya pili huja pale sakiti hizo mbili zisipokuwa chini ya kikatio kimoja cha umeme unaovuja, kile ambacho mafundi hukiita RCD. Kazi yake ni kulinganisha mkondo unaotoka kwa laivu na ule unaorudi kwa nyutro, nacho kikiwa cha miliampia 30 kinaruhusiwa kukata mara tofauti inapopita 15. Rilei moja inayotumia takribani wati 1 kwa volti 230 huchukua kama miliampia 4, kwa hiyo siku ya kwanza huenda usione dalili yoyote. Ukifunga rilei ya tatu na ya nne kwa mtindo huo, mkondo wake utajumlika na uvujaji mdogo wa kawaida wa vifaa vingine, na umeme utaanza kukatika bila sababu unayoweza kuiona.

Kuhusu waya mweusi, karibu nina hakika kwamba si nyutro, ingawa rangi yake ndiyo ya nyutro katika utandazaji wa zamani. Katika nyumba nyingi za wakati huo, laivu na nyutro hupelekwa darini hadi kwenye kishikio cha taa. Kutoka hapo laivu hushuka kwenye swichi kwa waya mmoja na kurudi juu kwa waya wa pili. Huo wa pili ndio mweusi wako: una umeme swichi inapowashwa, na hauna inapozimwa. Uthibitishe kwa tesita ya ncha mbili, wala usitegemee bisibisi yenye taa ndogo, kwa maana hiyo hudanganya. Ijaribu tesita kwanza mahali penye umeme wa hakika, upime nyaya zako, kisha uirudishe pale penye umeme kuona kama bado ni nzima.

Ushauri wangu basi ni kuiweka rilei juu, kwenye taa, ambako nyutro ipo tayari. Laivu ya kudumu na nyutro huingia kwenye rilei, tokeo la rilei huenda kwenye balbu, na ule mweusi unaorudi kutoka kwenye swichi huingizwa kwenye tundu la kupokea ishara ya swichi. Swichi haibebi tena mkondo wa taa, bali hubaki kuiarifu rilei tu, na suala la kina cha kisanduku linakwisha hapo hapo. Hata hivyo soma mchoro wa rilei yako kabla ya kukaza skrubu yoyote, kwa sababu zipo za aina mbili: moja hupokea laivu kwenye tundu la swichi, nyingine hutaka swichi iunganishe matundu yake mawili bila umeme wa nje kabisa. Hii ya pili ukiipa laivu itaungua papo hapo. Hiyo haifai kwa nyaya zako zilivyo sasa, maana swichi yako hushushiwa laivu.

Angalia pia joto. Rilei nyingi zimeandikwa kwamba zisitumike mahali panapozidi nyuzi 40 za Selsiasi, na juu ya balbu ya waya wa moto kiwango hicho hufikiwa upesi. Taa za LED hazina shida kubwa hivyo, mradi rilei isifunikwe na sufi ya kuzuia joto ya darini.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, nami naongezea kwamba zipo rilei zinazouzwa kwa maelezo kuwa hazihitaji nyutro. Hizo hujilisha kwa kupitisha mkondo mdogo ndani ya balbu hata wakati taa imezimwa. Kwa balbu ya zamani ya wati 60 mkondo huo hauonekani, lakini balbu ya LED ya wati chache hupepesa au hubaki na mwanga hafifu usiku kucha. Dawa yake ni kapasita maalumu inayofungwa sambamba na balbu, na mahali pake ni kwenye taa penyewe. Kwa kuwa utalazimika kupanda darini kuifunga hiyo kapasita, sioni faida ya kuiacha rilei ukutani. Njia hii ningeiacha kwa taa ambazo sehemu yake ya juu haifikiki kabisa.

Kisanduku chako kikiwa cha chuma, hiyo ni sababu nyingine ya kutoiweka rilei humo, kwa kuwa chuma hupunguza sana mawimbi ya Wi-Fi na ya Zigbee (mtandao mwingine usio na waya wa vifaa vya nyumbani), ambayo yote mawili hutumia gigahezi 2.4.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Nimepima kama mlivyoelekeza, na kweli mweusi huwa na umeme swichi inapowashwa tu. Limebaki lile la ngazi. Je, nikishaweka rilei darini, naweza kuendesha na feni pamoja na hita ya maji kwa rilei za aina hiyo hiyo?

Jibu la kwanza

Ngazi ni rahisi kuliko unavyofikiri, ila ina mtego mmoja. Swichi mbili za njia mbili hubaki zilivyo. Waya wa mwisho uliokuwa ukienda kwenye balbu ndio unaoingia kwenye tundu la ishara, nawe unaipangia rilei ibadilishe hali kila swichi yoyote inapogeuzwa. Mtego ni kwamba katika nyumba za ghorofa za zamani, mafundi walizoea kuchukua laivu ya taa ya ngazi kutoka sakiti ya chini na nyutro kutoka sakiti ya juu, ili kuokoa waya. Kuzima breka moja moja hakutoshi kuugundua mtego huu, kwa sababu breka ya kawaida hukata laivu tu; fundi azime umeme wote, kisha afuatilie laivu na nyutro ya taa ya ngazi hadi kwenye boksi la breka. Ikiwa sakiti zote mbili zimeingia katika taa moja, kasoro hiyo irekebishwe kabla ya kufunga chochote.

Feni ina mota, na mota inapokatiwa umeme hurusha cheche kwenye vigusio vya rilei, hadi siku moja vikashikana na feni ikakataa kuzimika. Tafuta rilei iliyoandikiwa uwezo wake kwa mota, maana zile ampia 10 au 16 zilizoandikwa kwa herufi kubwa ni za mzigo wa kawaida kama balbu ya waya au pasi. Hita ya wati 3000 kwa volti 230 huvuta ampia 13 kwa muda mrefu mfululizo, nami nisingeiacha ipite kwenye kidude kilichofungiwa ndani ya ukuta. Funga kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme, kwenye boksi la breka, na rilei janja iwe inawasha koili ya kontakta (sumaku yake) tu.

Jibu la tatu

Kabla ya yote hayo, tazameni hali ya nyaya zenyewe. Katika nyumba ya umri huo huenda baadhi zina ganda la mpira, ambalo hukauka na kupasuka linapokunjwa, hasa juu ya taa ambako limepigwa joto miaka yote. Ukiuvuta waya wa namna hiyo ili uingie kwenye rilei, ganda linabomoka mkononi na shaba inabaki wazi. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa apime ganda la nyaya kwa volti 500 za mkondo mnyoofu. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, sakiti hiyo haifai kuongezewa kitu, bali nyaya zibadilishwe, na hapo ndipo pa kushusha nyutro na waya wa ardhi hadi kwenye kila swichi. Kipimo hicho kifanywe kabla ya rilei kufungwa, au rilei zifunguliwe kwanza, kwa sababu volti 500 huweza kuziua.

Kwa kuwa hakuna waya wa ardhi kwenye swichi, zisifungwe swichi wala skrubu za chuma zinazoguswa kwa mkono hadi utakapovutwa. Na kila anayebadilisha balbu katika nyumba hiyo ajue kwamba kuzima taa kwa simu hakutoshi: vigusio vya rilei hizi huachana kwa nafasi ndogo mno isiyohesabiwa kuwa umeme umekatwa, na amri ya ratiba inaweza kuiwasha taa mkono ukiwa bado kwenye kishikio. Breka ya taa izimwe kwanza.