Niko Wuppertal kujitolea mwaka mzima: wikendi mnafanyaje?

Kijana wa Kihesa (22 Oktoba 2025)

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi ni mtu wa Iringa, nipo Ujerumani tangu mwezi uliopita. Nimekuja kujitolea mwaka mmoja kwenye nyumba ya wazee hapa Wuppertal. Kazi sina shida nayo. Naamka saa kumi na moja alfajiri, zamu inaanza saa kumi na mbili na nusu: kugawa chai na mkate, kusukuma viti vya magurudumu, kutandika vitanda, kusoma gazeti na wazee kwa Kijerumani changu cha kuungaunga. Saa nane nimetoka.

Shida ni wikendi. Moja nipo zamu, inayofuata napumzika, na hiyo ya kupumzika ndiyo inanitesa. Jumamosi nafua, napika, nalala. Jumapili naamka nakuta mji kama umehamwa: maduka yamefungwa, mtaani hakuna mtu, mvua inanyesha. Naishia chumbani naangalia mpira kwenye simu mpaka macho yanauma.

Posho, ukiondoa chumba na chakula, ni euro mia tatu na ushee, na kuna mdogo wangu nimemwahidi ada. Kwa hiyo habari za Paris msiniletee. Ninayo Deutschlandticket tu, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa kawaida nchi nzima, hiyo ninalipiwa kazini.

Wikendi hii nipo zamu, ijayo napumzika. Wenye uzoefu naombeni mnisaidie mawazo.

Mstaafu Mlalahoi

Umeenda kujitolea au kutalii? Wenzako huku tunahangaikia nauli ya kwenda Makambako. Fanya kazi, lala, rudi na cheti.

Binti Lushoto

Mzee Mstaafu shikamoo, lakini Jumapili ya Novemba ndani ya chumba kimoja huijui, tuachie wenyewe.

Kijana wa Kihesa, karibu Wuppertal. Mimi nilijitolea hapahapa, nyumba ya wazee upande wa Barmen, na sasa nasomea uuguzi mjini humuhumu.

Tuanze na la dharura. Jumapili hii tarehe 26 saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja. Simu itajirekebisha, saa ya ukutani haitajirekebisha, usije ukafika kazini wenzako bado wamelala. Halafu Jumamosi ya wiki ijayo ni tarehe 1 Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote. Jimbo hili lote maduka yanafungwa, na kesho yake ni Jumapili, kwa hiyo siku mbili mfululizo hununui kitu. Maliza manunuzi Ijumaa. Maduka ya kituo kikuu cha treni yatakuwepo, ila bei zake utazisimulia nyumbani.

Sasa wikendi zenyewe. Wengi watakupa orodha ya miji: Köln, Düsseldorf, Amsterdam. Mimi nakwambia waulize wazee unaowahudumia. Kila mmoja wao alikuwa kijana hapo mjini, alikuwa na mahali pa kwenda Jumapili na hela ndogo kuliko yako. Kwenye nyumba yetu ya wazee kulikuwa na babu mmoja aliyekuwa dereva wa Schwebebahn, ile treni ya hapa mjini inayoning'inia kwenye reli ya juu. Mimi nilikuwa naipanda kila siku kama daladala, nimeinamia simu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba ilifunguliwa mwaka 1901, na kwamba mwaka 1950, akiwa mtoto wa miaka kumi, tembo mdogo wa sarakasi aitwaye Tuffi alipandishwa humo kwa ajili ya matangazo, akaingiwa na hofu, akavunja ukuta wa behewa na kutumbukia mtoni Wupper. Akatoka mzima! Nenda kati ya vituo vya Alter Markt na Adlerbrücke, utaona amechorwa ukutani. Panda kutoka Oberbarmen mpaka Vohwinkel, kilomita 13.3, kaa dirishani. Unapita juu ya mto, halafu juu ya barabara, unachungulia ghorofa za watu wakinywa kahawa. Tiketi yako inatosha, hulipi zaidi.

Utamu wake uko Jumatatu. Ukirudi kazini na habari ya kumpa babu, anakusahihisha, anakuuliza kama ile kona bado ina duka la viatu, anakutajia sehemu nyingine. Kijerumani changu kilikua hapo kuliko darasani. Na wazee waliokuwa hawanitaki, maana wapo wa hivyo, tusidanganyane, wakaanza kuniita wao wenyewe.

Bibi mmoja ndiye aliyenituma Müngsten. Panda treni ya S7 kuelekea Remscheid na Solingen, inapita juu ya daraja la chuma la mwaka 1897 lenye kimo cha mita 107, ndilo daraja refu kwenda juu kuliko yote ya reli Ujerumani. Shuka Solingen-Schaberg, teremka msituni mpaka mtoni, litazame kutoka chini. Beba chapati na chupa ya chai. Wajerumani utawaona wanatembea tu, wazee kwa watoto, na makoti ya mvua. Hawaendi popote, wanatembea. Mwanzoni nilishangaa, kwetu Lushoto ukionekana unapanda mlima bila mzigo watu watakuuliza umefiwa au umepotelewa na mbuzi. Sasa nami natembea.

Siku ambayo huna nguvu ya treni, nenda Nordbahntrasse. Ni njia ya zamani ya reli iliyogeuzwa kuwa ya miguu na baiskeli, ina mahandaki na madaraja, na inapita juu ya mji. Mji huu una ngazi mpaka magoti yanalia, lakini njia hiyo imenyooka. Na kwa waliokulia enzi za siasa ya Ujamaa: Engels, yule mwenzake Karl Marx, kazaliwa Barmen, na China walileta sanamu yake kubwa mwaka 2014. Piga picha, mtumie baba.

Bustani ya wanyama ipo, mimi sikwenda. Kulipa kiingilio nikaone simba mwenye baridi, hapana.

Mengine kwa kifupi. Ukialikwa kahawa saa tisa na nusu, fika saa tisa na nusu kamili, na uwe umeshakula mchana, utakachokuta ni keki. Usikatae mwaliko, hawaaliki mara mbili kwa kubembeleza kama sisi. Jumapili usitumie mashine ya kunyonya vumbi wala kutupa chupa kwenye kontena la vioo, jirani atakuja mlangoni. Chupa za plastiki usizitupe kabisa, nyingi ni senti 25 kila moja ukizirudisha dukani. Na kuanzia mwezi ujao utaona majani ya Grünkohl sokoni. Hiyo ni sukuma wiki iliyojikunja. Ikate nyembamba, weka kitunguu na nyanya, unga utaupata duka la Waafrika.

Desemba giza linaingia saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo siku ya mapumziko toka asubuhi. Ukisema nitoke mchana, hutatoka.

Mnyakyusa Kwaya

Naongezea. Mimi nimeshamaliza mwaka wangu, nimerudi Mbeya. Kilichoniokoa ni kwaya ya kanisa la mtaani. Mazoezi kila Alhamisi, Jumapili tunaimba, baada ya ibada kahawa. Kama hupendi kanisa tafuta timu ya mpira ya mtaa, za madaraja ya chini zinahitaji watu kila siku. Ila usifanye kosa la kila Jumapili kujifungia na Watanzania wenzako mnapika pilau na kuwasema Wajerumani. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Nyota wa Kisumu

Hapo kwa Watanzania tu mbona umekaza hivyo ndugu yangu, pilau ni dawa.

Kijana, mimi ni Mkenya, niko Mönchengladbach. Hiyo tiketi iheshimu: ni ya treni za kawaida za RE, RB na S-Bahn, mabasi na tramu. Treni za masafa marefu, yaani ICE, IC na EC, usiguse, ukishikwa faini inaanzia euro 60. Ina jina lako, kwa hivyo usimwazime mtu, na simu iwe na chaji, kwa sababu simu ikizima huna tiketi. Kama kazini wataacha kulipa, jua kwamba mwaka 2025 ilikuwa euro 58, na kuanzia Januari 2026 ni 63.

Na ukichoka na Jumapili ya kufungiwa maduka, treni ya RE13 inatoka hapo kwenu Wuppertal hadi Venlo, Uholanzi. Tiketi inafika mpaka huko. Jumapili wao wanauza kama kawaida.

Kijana wa Kihesa

Asanteni sana wakuu. Dada Lushoto, leo nimemuuliza bibi mmoja wa ghorofa ya pili, amenichorea ramani kwenye kitambaa cha karatasi cha mezani, sijaelewa hata nusu. Nitamuuliza tena kesho.

Nyota, tarehe 1 niko mapumziko. Je, hiyo Venlo nayo si itakuwa imefungwa kwa sikukuu? Na mpakani wananidai nini?

Nyota wa Kisumu

Haitafungwa, Uholanzi hawana mapumziko siku hiyo. Ndiyo sababu Wajerumani wote wa huku watakuwa wanaelekea hukohuko, treni itajaa. Panda ile ya asubuhi kabisa, na uangalie kwenye simu usiku uliotangulia kama hakuna ukarabati wa reli. Beba pasipoti na kadi yako ya kibali cha kuishi, vyote viwili na vyenyewe, picha ya simu haitoshi. Polisi huwa wanaingia behewani wakati wa kurudi, baada tu ya kituo cha mpakani cha Kaldenkirchen. Ukipita Mönchengladbach nitumie ujumbe, nitakuwa na unga wa ziada.