Amplifaya ya Sebuleni: Gumzo la Ukoo Wetu, Kigoma

Mama Zuhura (Mwanga): Shikamooni wakubwa wangu. Zile spika mbili za mbao alizotuachia Kaka alipohamia Dodoma bado ziko sebuleni bila amplifaya. Dukani nimeonyeshwa moja ambayo boksi lake limeandikwa wati 1000, na kuna mtu anauza iliyotumika, ya wati 40 tu kwa kila upande, kwa bei hiyohiyo. Moyo unaelekea kwenye ile ya 1000, ila naomba ushauri wenu.

Mjomba (Ujiji): Marahaba, mwanangu. Tusianze na wati. Geuza spika moja utusomee kibandiko cha nyuma, kwa sababu amplifaya hufuata spika.

Mama Zuhura: Pameandikwa omu 6, desibeli 86, na wati 20 hadi 100.

Mjomba: Omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme; hiyo tutairudia. Desibeli 86 maana yake ni kwamba ukiipa spika hiyo wati 1, mtu aliye mita 1 mbele yake atapata sauti ya kiwango hicho. Ukikaa mita 3, hupungua desibeli 9 na ushee, lakini spika ya pili hurudisha kama 3, kwa hiyo pale kwenye kochi unabaki na takriban 80 kwa wati 1 tu kila upande, nayo ni sauti ambayo watu wakitaka kuongea watalazimika kupaza zao. Kila unapotaka kuongeza desibeli 10, wati sharti ziwe mara 10. Wati 10 zitakufikisha 90, na wati 40 zitakufikisha 96. Kwa sebule yako hiyo ni harusi.

Shangazi (Mwanga): Naomba hizo 96 zisiguswe wakati wa adhana, maana hata kijiko kikianguka kwenu mimi nakisikia.

Baba Mdogo (Gungu): Wati 1000 za maboksi mara nyingi ni zile za PMPO, ambazo kila mtengenezaji hujipimia apendavyo. Soma maandishi madogo karibu na waya wa umeme: kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa 1000 kwenye spika. Amplifaya ya NAD 3020 ilitoka mwaka 1978 ikiwa na wati 20 tu kwa kila upande, na hadi leo wapenda muziki wanaitafuta.

Mama Zuhura: Basi amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika?

Mjomba: Inaweza. Ikilazimishwa kupita uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na mawimbi yaliyokatwa hivyo hupeleka nguvu nyingi kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo waya wake ni mwembamba mno. Ukisikia sauti inakwaruza, punguza mara moja. Uliza pia kama amplifaya inakubali omu 4, kwani spika ya omu 6 hushuka chini ya 6 katika baadhi ya sauti.

Zuhura: Shikamoo Babu. Tukiongeza spika nyingine mbili za omu 6 barazani, itakubali?

Mjomba: Marahaba, mjukuu wangu. Zikiungwa sambamba, 6 na 6 zinakuwa 3. Amplifaya ya mwisho omu 4 itachemka, na isipojizima itaungua. Baraza lisubiri.

Baba Mdogo: Hiyo iliyotumika imetoka wapi? Kama ilitengenezwa kwa soko la Japani itakuwa ya volti 100, na umeme wetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja utanusa moshi kabla ya muziki. Omba picha ya nyuma kabla ya kutuma hata shilingi.

Mama Zuhura: Ametuma sasa hivi. Inasomeka volti 230, hezi 50, na chini ya matundu ya spika pameandikwa omu 4 hadi 16.

Mjomba: Hiyo ndiyo ya kuchukua. Nenda na spika moja mkaijaribu hukohuko, kwanza upande wa kulia, kisha wa kushoto. Kitasa cha sauti kikikwaruza kinapozungushwa, mara nyingi ni vumbi, na fundi atakisafisha. Upande mmoja ukikatika, usilipe.

Baba Mdogo: Na ununue stebilaiza siku hiyohiyo.