Mafundi mnaobadilisha sensa bila kupima, mnatuumiza

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Siku 9 ekskaveta yetu imelala, sensa 3 mpya (vifaa vinavyoipimia kompyuta ya injini presha na joto) zimefungwa, na zile za zamani hakuna hata moja iliyokuwa mbovu. Tatizo lilikuwa waya uliochubuka.

Mashine ilianza kukata nguvu ikiwa kazini. Opereta anachimba vizuri, ghafla injini inashuka mizunguko na taa ya tahadhari inawaka. Fundi akaja na kompyuta yake, akachomeka, akasoma misimbo ya hitilafu: 100, 102 na 157, kila mmoja una 4 mwishoni. Presha ya oili, presha ya hewa inayoingia kwenye injini, presha ya reli ya dizeli, yaani bomba linalogawia nozeli dizeli yenye presha kubwa. Hakufungua hata boneti. "Sensa zote 3 zimekufa, agizeni." Tukaagiza, tukasubiri, zikaja, akafunga. Akawasha: misimbo ile ile. Akafuta, ikarudi. Mnajua alisema nini? "Basi kompyuta ya injini nayo imekufa."

Hapo nikamwambia atoe mikono yake kwenye mashine.

Jamani, sensa 3 zinakufaje dakika moja? Kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu ya msimbo umeingia injini ikiwa na saa ngapi za kazi. Tulipofungua kumbukumbu, misimbo yote imeingia saa ile ile. Tena kulikuwa na msimbo wa nne, fundi akauruka kwa sababu hakuona sensa ya kuagiza: 3509, nao una 4 mwishoni. Huo ni umeme wenyewe unaolisha sensa! Kompyuta inatoa volti 5, na njia moja ya umeme huo inagawiwa sensa kadhaa. Waya huo ukigusa chuma cha bodi ya mashine mahali popote, sensa zote zinazoutegemea zinazima pamoja, na kompyuta inaziona zote zimeshuka volti. Jibu lilikuwa kwenye kioo tangu siku ya kwanza, mtu amelipita kama halipo.

Nikaomba mita. Swichi imewashwa, injini imezimwa. Nikachomoa soketi ya sensa ya oili, nikapima kati ya waya wa umeme na waya wa ethi: volti 0.7. Nikachomoa sensa nyingine moja moja huku naangalia mita, maana kama shoti iko ndani ya sensa, ukiichomoa tu volti inapanda. Haikupanda. Basi shoti iko kwenye nyaya. Msaidizi akashika mita, mimi nikaanza kufuata fungu la nyaya kwa mkono, natikisa kipande kwa kipande. Nyuma ya injini, pale fungu linapopita juu ya breketi ya chuma, klipu moja imekatika. Nikatikisa pale, kijana akapiga kelele: "Tano! Imerudi tano!"

Nikamulika tochi. Bomba la plastiki linalofunika nyaya limesuguliwa mpaka limetoboka, ndani waya mmoja umevuliwa ganda, urefu hauzidi kucha ya kidole kidogo. Shaba inang'aa kama imepigwa msasa, na juu ya breketi kuna alama inayong'aa vilevile, pale pale. Kutoka kushika mita hadi kuuona waya ni dakika 40. Siku 9 dhidi ya dakika 40!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wanasoma nusu ya msimbo. Namba ya kwanza inasema ni saketi gani. Ya pili inasema ina tatizo la namna gani, na hiyo ndiyo inayokuelekeza pa kuanzia. 3 ni volti imepanda kuliko kawaida, 4 ni volti imeshuka, hapo unafikiria nyaya, soketi na sensa. Lakini 100 yenye 1 mwishoni ni habari nyingine kabisa: kompyuta inaamini kipimo inachopata, na inakwambia presha ya oili ni ndogo mno. Kuna greda ilipata msimbo huo, fundi akasema "hii sensa ni muongo tu", akafunga mpya, mashine ikarudishwa kazini bila mtu kufunga geji ya mkono kuhakikisha presha. Injini ikanoki. Sensa ilikuwa inasema kweli kuanzia mwanzo, na ile mpya nayo ilisema kweli, hakuna aliyeisikiliza.

Sensa ya joto la maji ndiyo rahisi kuliko zote, haina kisingizio. Nyingi zina waya 2. Ikileta msimbo wa volti kushuka, ichomoe. Msimbo ukigeuka kuwa wa volti kupanda, nyaya na kompyuta ziko sawa, hapo kalaumu sensa. Usipogeuka, shoti iko kwenye nyaya au kompyuta, usiagize sensa. Kazi ya dakika 2, haihitaji hata mita.

Na acheni kutoboa nyaya kwa sindano ili mpime! Kale kashimo kanaingiza maji, baada ya muda shaba inageuka kijani ndani ya ganda na hakuna anayeiona. Acheni pia kusukumiza ncha nene ya mita ndani ya pini ya soketi. Pini inatanuka, haibani tena, mashine ikitikisika mawasiliano yanakatika, kisha mnakuja kutuambia ni "tatizo la kuja na kuondoka". Mmelitengeneza wenyewe.

Najua mabosi wanawakimbiza, mashine ikisimama kila mtu anapiga simu. Najua pia michoro ya nyaya watengenezaji wanaibania, na hilo nalo linanikera sana. Lakini volti 5 huhitaji mchoro kuipima, mita ipo kwenye kila boksi la fundi umeme.

Sensa za zamani nimezirudisha zote 3. Nimefunga geji ya mkono kando ya ile ya oili, zinasoma sawa. Ile ya hewa, injini ikiwa imezimwa, inasoma sawa na sensa ya presha ya anga. Ya reli ya dizeli inafuata presha inayotakiwa na kompyuta hata mashine ikielemewa. Mashine inachimba tangu juzi bila taa kuwaka.

Sasa fundi huyo ananipigia simu anadai hela ya kufunga sensa. Alete kipimo kimoja alichokiandika siku ile, volti au omu, chochote, nitamlipa leo leo.