Mjadala: Kijana wetu aanzie Kariakoo, au avuke mpaka mapema?

Mwanzishaji wa mada, kocha wa vijana, Sombetini

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, naleta hapa ubishi ulioanza Jumapili nje ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ambao hatukuumaliza hata baada ya chai ya pili. Kijana mmoja wa miaka 19, kiungo mshambuliaji niliyekuwa naye tangu akiwa na miaka 13, amepata barua mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza imetoka klabu ya Dar es Salaam na inampa mkataba wa miaka mitatu, dau la usajili ambalo ukoo wake haujawahi kulishika kwa mkupuo, na chumba cha kulala. Ya pili ni mwaliko wa majaribio ya wiki tatu katika klabu ya daraja la pili huko Ulaya ya kaskazini: tiketi watalipa wao, ila mshahara haujatajwa popote. Baba anataka Dar es Salaam, wajomba wanataka Ulaya, na kijana mwenyewe anakubaliana na kila anayesema mwisho. Nauliza: mchezaji wa umri huo ajijenge kwanza katika ligi yetu, au avuke mpaka angali mbichi?

Upande wangu nautaja mapema. Naona aondoke kabla hajatimiza miaka 22, na si lazima aanzie Ulaya. Mbwana Samatta alikaa Simba kwa muda mfupi tu kabla TP Mazembe ya Kongo haijamchukua mwaka 2011, baada ya kumwona katika mechi za Ligi ya Mabingwa Afrika, naye akaenda Lubumbashi akiwa na miaka 18. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa Afrika akiwa na klabu hiyo, Januari 2016 akatunukiwa tuzo ya mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akasaini Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Watu hupenda kusimulia habari za Villa na kuiruka Kongo. Mimi nadhani miaka ile karibu mitano ya Lubumbashi, alipogombea namba na wachezaji wa mataifa mengine pasipo mjomba wala mwandishi wa gazeti wa kumtetea, ndiyo iliyomtengeneza.

Mchezaji wa zamani, Njoro, Moshi

Shikamoo Mwalimu. Nimecheza ligi yetu misimu sita, na nimekalia benchi miezi minane katika nchi moja ya Uarabuni, kwa hiyo naomba nivumiliwe nikipinga.

Ligi aliyoiacha Samatta mwaka 2011 siyo tuliyonayo leo. Mwaka 2021 TFF, shirikisho letu la soka, ilitia sahihi na Azam Media mkataba wa haki za matangazo wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na tangu hapo mechi iliyokuwa ikionwa na watu mia tatu na mbuzi wawili pembezoni mwa uwanja inaonekana hadi Lubumbashi na Cairo. Yanga imecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba ikaifikia fainali hiyohiyo mwaka 2025. Agosti 2025, katika michuano ya Afrika ya CHAN, iliyochezwa na wachezaji wa ligi za ndani peke yao, Taifa Stars ilifika robo fainali. Kijana wako akipata namba katika timu kubwa ya Dar es Salaam atacheza na Waarabu wa Misri na Morocco mbele ya watu 60,000. Akienda daraja la pili la Ulaya atacheza mbele ya nani?

Isitoshe, majaribio si ajira. Wiki tatu zikiisha wanaweza kumpa mkono, wakamshukuru na kumpandisha ndege, na akitua KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, atakuta dirisha la usajili la nyumbani limefungwa. Huo ni nusu msimu umepotea, na mtaani tayari wameshaamua kwamba amefeli. Mimi nilirudi hivyo. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nanunua mkate usiku ili nisiulizwe maswali dukani.

Mwanzishaji wa mada

Marahaba, kaka. Hoja ya dirisha la usajili naikubali, na nimemwambia kijana asifunge safari yoyote kabla ya kujua tarehe zake.

Lakini hilo jukwaa unalolisifu, tazama ni nani wanaolitumia kuondokea. Fiston Mayele alikuja Yanga kutoka Kongo, akafunga mabao, mwaka 2023 akaenda Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 akatwaa nayo ubingwa wa Afrika. Luis Miquissone wa Msumbiji alipita Simba akachukuliwa na Al Ahly mwaka 2021. Stéphane Aziz Ki alitoka Yanga kwenda Wydad Casablanca mwaka 2025. Wageni hawa walifika wakijua kwamba wanapita. Wa kwetu anafika Kariakoo, mtaa wa Simba na Yanga, anapewa gari na jina la utani, na anaona safari imekwisha. Sisemi ni uvivu wake. Mshahara wa benchi la Dar es Salaam unazidi mshahara wa kuanza kikosi cha kwanza katika klabu nyingi ndogo za nje, na mwenye wadogo wanne wa kusomesha hawezi kulaumiwa kwa kupiga hesabu.

Mkazi wa Olmoti, Arusha

Naomba tukumbuke tunazungumza tukiwa wapi. Tangu JKT Oljoro ishuke daraja mwaka 2014, jiji hili halijapata timu yake nyingine Ligi Kuu, na wenzetu wa Moshi waliokuwa wakiiona Polisi Tanzania pale Ushirika waliipoteza iliposhuka mwaka 2023. Hapa kwetu Olmoti umejengwa uwanja mkubwa kwa ajili ya AFCON 2027, na watoto wanacheza mchangani kwenye vumbi la malori yake. Kwa kijana wa Arusha, hata Dar es Salaam ni ugenini: anapanga chumba, anazoea joto, na mama anamwona Krismasi. Huyu hana chaguo la kubaki nyumbani. Anachagua ugenini upi.

Mwanasheria, Sekei

Mchangiaji wa Olmoti amesema kweli, na ndiyo sababu ningependa tutazame karatasi kabla ya ramani. Wazazi huja kwangu wakiwa na mkataba ambao umeshatiwa sahihi, wakiniuliza kama ni mzuri, na hapo kazi yangu inakuwa ya daktari aliyeitwa msibani.

Kanuni za FIFA zinaruhusu mkataba wa mchezaji uwe wa hadi miaka mitano, na kwa aliye chini ya miaka 18 usizidi mitatu. Miaka mitatu anayopewa kijana huyu ni halali kabisa. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba itaisha akiwa na miaka 22, umri ambao Mwalimu anataka awe tayari ameondoka. Kwa hiyo aombe kipengele kinachotaja kiasi ambacho klabu ya nje ikikilipa, klabu yake haitaweza kumzuia, na kiasi hicho kiwe cha kawaida, kisiwe cha kutishia wanunuzi. Wakati wa kukiomba ni sasa, klabu ikiwa bado inambembeleza. Mnakumbuka suala la Feisal Salum na Yanga: Desemba 2022 alitaka kuvunja mkataba kwa kurudisha fedha, kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na mpaka klabu ya Azam ilipomsajili Juni 2023 alikuwa hajarudi kuichezea. Kila mtu ana maoni yake kuhusu nani alikosea. Mimi natazama miezi ile ambayo mchezaji wa kiwango kile alikaa nje kwa sababu hapakuwa na njia ya kutoka ambayo pande zote ziliielewa namna moja.

Nje nako kuna yake. Simon Msuva alipodai stahiki zake kwa Wydad Casablanca, shauri lilifika FIFA na akashinda. Alishinda kwa sababu alikuwa na mkataba ulioandikwa na alifuata utaratibu. Klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuiandikia na kuipa siku 15, na isipolipa ndani ya muda huo ana haki ya kuvunja mkataba; shauri nalo lazima lipelekwe FIFA kabla ya miaka miwili kupita. Anayeondoka usiku kwa hasira bila barua anageuka mtoro wa kazi.

Na wajomba, kwa heshima zote: tangu mwaka 2015 FIFA imepiga marufuku mtu wa nje kumiliki sehemu ya fedha ya uhamisho wa mchezaji. Mkono wa shukrani ni mila yetu, lakini usiandikwe kwenye mkataba. Wakala naye aonyeshe leseni ya FIFA, kwani tangu mwaka 2023 leseni hiyo hupatikana kwa mtihani.

Mwanzishaji wa mada

Wakili ameligusa donda langu. Miaka kadhaa iliyopita kijana niliyemlea kuanzia miaka 12 hadi 16 aliuzwa kutoka klabu moja kwenda nchi nyingine. Katika uhamisho wa kimataifa, asilimia 5 ya bei hugawiwa timu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23: robo asilimia ya bei kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na nusu asilimia kwa kila msimu wa baada ya hapo. Kama bei ni euro milioni 1, misimu yangu minne ya mwanzo ilistahili euro 2,500 kila mmoja, yaani euro 10,000 kwa jumla, na mwaka wa 16 euro 5,000. Kwa fedha hiyo ningenunua mipira, nyavu na basi dogo lililotumika. Sikupata hata senti, na hakuna aliyenidhulumu. Timu yangu haikuwa imesajiliwa kama klabu, na mtoto yule hakuwa na rekodi popote ya kwamba alipita kwangu. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi ya kukusanya na kugawa malipo hayo, lakini inamlipa aliyeandikwa.

Kwa hiyo huyu wa sasa nilimsajili TFF akiwa na miaka 14, kupitia chama cha mkoa, kwa cheti cha kuzaliwa kilichotolewa baada ya safari tatu za kwenda wilayani. Yote mawili, Dar au Ulaya, yananifaa. Naona ni haki niliseme hilo kabla mtu hajaniuliza.

Mzazi wa binti, Kiborloni

Mmezungumza kama vile mpira ni wa wavulana. Aisha Masaka alikwenda Häcken ya Uswidi akiwa bado binti mdogo, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga alijiunga na Al Nassr ya Saudia mwaka 2023. Hawakusubiri kwanza wazeeke nyumbani.

Mchezaji wa zamani

Mama, hao nawavulia kofia, na wakili amenifundisha jambo ambalo ningelijua zamani lingeniokoa. Bado sijabadilika. Samatta alikwenda Lubumbashi akiwa na mkataba mkononi, hakwenda kujaribiwa. Nipeni klabu ya nje inayoleta mkataba, nami nitambebea begi mpaka KIA. Kwa mwaliko wa wiki tatu usiotaja mshahara, asaini Dar na hicho kipengele cha wakili kiwemo.

Mama wa kijana

Nawashukuru wote. Jana usiku tumeusoma mkataba wa Dar es Salaam pamoja na mwanangu, neno kwa neno. Umeeleza faini za kuchelewa mazoezini katika mistari kumi na moja. Kuhusu kuhamia klabu ya nje kuna mstari mmoja, unaosema kwamba itategemea ridhaa ya klabu. Mwanangu amewapigia akawaomba kiasi kitajwe, nao wamesema watajibu Alhamisi. Mwalimu, naomba uje Alhamisi jioni, na wakili kama ana nafasi. Kalamu nimeificha.