Naomba ushauri: vigae vya nyumba yetu vinalia utupu, vinatoa unga mweupe, na mama ameteleza bafuni

Muulizaji, Kisauni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nyumba yetu iko Kisauni, ina vyumba vitatu na haina ghorofa. Miaka miwili iliyopita tuliweka vigae sakafu nzima kwa aina moja tu, vyeupe vinavyong'aa, vya poseleni, sentimita 60 kwa 60, kwa sababu dukani vilitupendeza na tulipunguziwa bei tulipochukua vingi. Leo sebuleni kuna vigae kama kumi ambavyo ukivigonga kwa sarafu vinatoa mlio wa mtungi mtupu, na kimoja karibu na mlango kimeinuka ukingoni kiasi cha kukwaa ukucha wa mguu. Katika maungio huota unga mweupe ambao tukipiga deki hupotea, lakini asubuhi ya pili huwa umerudi palepale. Jikoni maungio yameshika rangi ya manjano.

Lililonifanya niandike ni mama. Ana miaka 71, na mwezi uliopita aliteleza bafuni alipokuwa akitawadha. Alhamdulillahi hakuvunjika, lakini tangu siku ile hutembea akishika ukuta, nami naumia kila nimwonapo. Tumeamua kung'oa vigae vya bafuni na sebuleni. Fundi aliyetuwekea hapokei simu zetu. Naomba mnieleze ni aina gani ifae kila mahali, na huu unga unatoka wapi.

Fundi wa vigae, Likoni

Wa aleikum salaam, kaka. Mpe mama pole nyingi, na kwa ajili yake naanza na bafu. Kigae kinachong'aa hakifai kukanyagwa mahali panapomwagika maji, hata kiwe cha bei gani. Viwandani utelezi hupimwa kwa kumtembeza mtu juu ya ubao ulioinamishwa na kupakwa mafuta, na matokeo huandikwa kwa herufi R ikifuatwa na namba, kuanzia 9 hadi 13, na namba ikizidi ndivyo kigae kinavyoshika zaidi. Kwa sakafu ya bafu mimi sishuki chini ya R10, na pale penye bomba la kuogea na kutawadhia nataka R11. Sanduku lisipoandikwa chochote, omba kigae kimoja, kimwagie maji na tone la sabuni, uvue viatu ukikanyage hapohapo dukani huku mtu amekushika mkono. Vigae vidogo vya sentimita 5 kwa 5 ni vizuri zaidi kwa mzee, kwa kuwa maungio yake mengi hushika unyayo, na pia hufuata mteremko bila kukatwakatwa. Mteremko wenyewe uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Ukishang'oa, usisahau kumwekea mama vishikio vya chuma kisichoshika kutu, navyo vifungwe kwenye ukuta wenyewe kabla ya kazi kukabidhiwa.

Unga mweupe ni chumvi. Visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvi, na mafundi huchanganyia saruji maji hayohayo; mchanga nao ukiwa wa ufuoni na haukuoshwa, unaongeza. Tena kama chini ya zege hakukutandikwa nailoni, unyevu wa ardhini hupanda kama mafuta ya taa yapandavyo kwenye utambi, ukifika kwenye maungio maji huenda na hewa na chumvi hubaki. Mnapopiga deki mnaiyeyusha tu, kisha inarudi ndani na kuchipuka tena. Ifagieni ikiwa kavu kwa brashi ngumu, mkaimwage nje, wala msiiguse kwa asidi, kwani asidi hula saruji ya maungio na njia ya unyevu huzidi kupanuka.

Kuhusu mlio wa mtungi, naweza kukwambia utakachokikuta chini hata kabla hujang'oa: madonge matano ya saruji, manne kwenye pembe na moja katikati, na kwingine kote ni hewa. Poseleni hainywi maji zaidi ya nusu ya asilimia moja ya uzito wake, kwa hiyo saruji tupu haipati pa kung'ata. Inataka gundi ya vigae, ipakwe sakafuni kwa mwiko wenye meno, na kwa kigae kikubwa kama hicho ipakwe mgongoni pia. Kile kilichoinuka mlangoni huenda kilikosa nafasi. Jua la mchana likipiga, vigae hupanuka, na vikiwa vimebanwa ukuta hadi ukuta, kimoja hakina budi kunyanyuka. Acheni milimita 5 kando ya kuta zote. Ukanda wa chini ya ukuta utaifunika.

Mama wa nyumba, Bamburi

Kaka yangu, mimi nina la jikoni. Manjano ya mchuzi hayaondoki kwa kusugua, lakini rangi yake haipendi jua. Sakafu yangu ya jikoni ina dirisha la mashariki, na doa la mchuzi lililomwagika karibu na dirisha lilififia lenyewe kwa siku chache, ilhali lililo chini ya meza nililihangaikia miezi. Kwa hilo la mezani nilitumia dawa ya klorini iliyozimuliwa kwa maji mengi, nikaipaka kwenye maungio tu kwa mswaki mkuukuu, nikaiacha dakika kumi, nikasuuza. Nakusihi sana usichanganye dawa hiyo na dawa ya choo yenye asidi, wala na siki, kwa maana hutoka gesi ya klorini inayodhuru mapafu, na bafu zetu nyingi ni finyu na dirisha ni dogo.

Kwa kila siku, sabuni kidogo isiyo kali na maji yasiyo ya kisima ukiyapata. Sabuni nyingi huacha utando, na huo utando ndio unaonasa vumbi na kuteleza. Wekeni pia kitambaa kizito cha kufutia miguu mlangoni, kwa sababu mchanga wetu ndio unaokwaruza ule mng'aro.

Mkaazi wa Mji wa Kale

Naongeza moja, kwa kuwa huenda mtu akakushauri marumaru. Marumaru ni jiwe la chokaa, na kila kitu kichachu huila. Kwetu aliweka meza ya jikoni ya marumaru marehemu baba. Nusu ya ndimu iliyosahauliwa juu yake usiku mmoja iliacha duara jeupe lisilo na mng'aro, na kipenyo chake ni kilekile cha ndimu mpaka leo. Ukwaju nao ni hivyohivyo. Na kwa wenye nyumba za kale za mawe ya matumbawe, tafadhali msibandike vigae kwenye kuta zile kutoka chini hadi juu. Ukuta wa chokaa hupumua, ukizibwa unyevu hutafuta pengine pa kutokea, na plasta ya chumba cha pili ndiyo huanza kumomonyoka.

Muulizaji, Kisauni

Shukran sana. Nina maswali mawili. Je, sebuleni naweza kuweka vigae vipya juu ya vile vya zamani nikaokoa gharama? Na kwa baraza ya nje, mawe ya Mazeras yanafaa?

Fundi wa vigae, Likoni

Juu ya vya zamani hapana, kaka, kwa sababu vya chini havijashika na chumvi ingali chini. Ng'oa, kwangua madonge yote, acha sakafu ikauke wazi kwa wiki kadhaa, na wakati huo tafuta maji ya kuchanganyia yasiyo na chumvi. Ukimwaga zege jipya, subiri siku 28 kabla ya kigae cha kwanza.

Mazeras kwa baraza naipenda mno. Ni jiwe la mchanga lenye uso mkavu usioteleza mvua ikinyesha, lakini linanyonya mafuta, basi jiko la makaa na karai za kukaangia zisikae juu yake.

Hesabu ya sebule fanya hivi: kama ni mita 5 kwa 4, ni mita 20 za mraba, ongeza sehemu moja ya kumi kwa vipande vitakavyokatwa, inakuwa 22. Sanduku la vigae vinne vya 60 kwa 60 hufunika 1.44, kwa hiyo unahitaji masanduku 16. Nunua 17, yote kwa siku moja, na kabla hujalipa soma namba ya rangi ubavuni mwa kila sanduku, kwa kuwa nyeupe ya mwezi huu na ya mwezi ujao hukutana vibaya katikati ya chumba. La 17 lifunge uliweke chini ya kitanda. Bafu lianze kwanza, sebule ingoje.